Hatua Saba Kutoka kwenye Kompyuta

Ngokolo, Shinyanga

4 Oktoba 1998

Daftari hili nilimnunulia binti yetu Noela, akaenda chuo cha ualimu Tabora akalisahau juu ya kabati. Basi nitaliandika mimi. Nahitaji mahali pa kusema jambo mara moja likaeleweka, maana mume wangu sasa ni lazima nimwambie kila kitu mara tatu.

Ignas amerudi jana kutoka Mwanza kwa daktari wa masikio. Miaka tisa ameendesha mashine za kuchoronga miamba kwenye mgodi wa Bulyanhulu, masikio ameyaziba kwa pamba aliyochuma shambani kwa dada yake, kijijini Kharumwa. Daktari amesema mishipa ya kusikia imekufa, na iliyobaki nayo inakwenda. Pengine mwaka, pengine chini ya hapo. Dawa hakuna. Ushauri ni mmoja tu, akae pasipo na mngurumo, kwa sababu sauti ya mtu ndiyo inayotangulia kuzama ndani ya mngurumo.

Alinieleza haya huku anakula wali, kwa sauti ya juu kama walivyo watu wote wa mashine. Majirani walizijua habari zangu kabla sijaanza kulia.

7 Oktoba

Mngurumo upo, na ni wangu. Tangu nilipopunguzwa kazini nachapa nyumbani: kadi za harusi, maombi ya viwanja vya wachimbaji, barua za vyama vya ushirika. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya Bwana Hozefa, yule muuza vipuri vya magari karibu na soko. Alipoleta mpya dukani kwake akaniachia hii. Ina feni mbili ndani, na vumbi la Shinyanga limezila zote mbili. Ukiiwasha ni kama mtu anayekoroga kokoto kwenye sufuria, asubuhi hadi jioni. Iko sebuleni kwa sababu chumba kingine ndimo tunamolala.

Nilimwambia nitakuwa naizima saa kumi alasiri. Akakataa. Kazi ya jioni ndiyo inayotulisha tangu mgodini wamwachishe, na hilo analijua. Akavuta kiti karibu yangu, akanitazama mdomo, akasema, "Nataka kukusikia tu, Mama Noela, mpaka hiyo siku itakapofika. Wewe chapa. Kelele niachie mimi."

9 Oktoba

Joto. Kadi za harusi kutwa nzima. Jina la bibi harusi limekosewa, narudia zote.

13 Oktoba

Leo alichomoa feni zote mbili nikiwa sipo, ili aone itakuwaje. Ikawa hivi: dakika nane kompyuta ikaganda, na sebule ikanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Nilimwuliza kama anataka tule karatasi.

Hakukasirika. Alikuwa ameinamia kile kipande cha katikati, ile akili ya kompyuta inayochemka, anakigusa kwa ncha ya kidole na kuondoa. Akasema injini ya mashine ya kuchoronga ina joto mara elfu ya hili, na hawaipepei, wanaizungushia maji. Nikamwambia hii ni kompyuta, si trekta. Akasema moto ni moto.

20 Oktoba

Amevumbua kipimo. Nakaa kwenye kompyuta ikiwa imewashwa, nasoma kwa sauti ya kawaida ya kuongea. Yeye ananipa mgongo, ili macho yasimsaidie, na kila nikisoma neno analirudia, kisha anasogea mbele hatua moja. Akikosea anasimama, anachora mstari wa chaki sakafuni. Hizo hatua ndizo kiwango cha kelele. Hatua nyingi, kelele kidogo.

Mara ya kwanza nilisoma Baba Yetu, akafika nje barazani bila kukosea, akacheka mwenyewe. Sala ile anaijua tangu utoto, kichwa chake kilikuwa kinajaziliza. Sasa nasoma majina kutoka orodha ya wakulima wa pamba ninayochapia chama cha ushirika. Watu tusiowajua, wa vijiji tusivyofika, ndio wanaotupimia.

Kompyuta ikiwa imezimwa: hatua tisa. Ikiwa imewashwa: hatua tatu.

28 Oktoba

Wiki nzima nyumba yangu imekuwa gereji. Amekata bomba la shaba, amelipiga likawa bapa, ameziba kwa risasi ya kuchomelea mpaka limekuwa kiboksi kidogo kama cha kiberiti, chenye mdomo wa kuingizia maji na mdomo wa kutolea. Kiboksi kimekaa juu ya ile akili. Maji yakitoka humo yanapita kwenye rejeta ndogo aliyoing'oa kwenye hita ya Landrova mbovu, yanapoa, yanarudi kwenye ndoo. Pampu ni ile ya kurushia maji kwenye kioo cha gari.

Nilifanya ishara ya msalaba nikawasha. Ikafanya kazi. Dakika nane, dakika ishirini, saa nzima, haikuganda, na feni zimelala kwenye kikapu cha vitunguu. Lakini ile pampu, Mungu wangu. Ni mbu mwenye ukubwa wa ng'ombe. Tulipima: hatua mbili. Kazi ya wiki nzima imetuongezea kelele. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, naye akacheka kwa kuniona nacheka.

6 Novemba

Bwana Hozefa amekuja kuona "gari la Mama Noela", maana habari zimefika mjini. Alivua viatu, akazunguka kompyuta mara mbili, akauliza leseni yake ya barabarani iko wapi. Kisha akaacha utani. Alisema mkewe, Mehjabin, alikuwa na samaki wa mapambo ndani ya kioo, na joto la mwezi uliopita limewaua wote. Pampu yao bado nzima, imewekwa tu. Inazama majini yenyewe na haina kelele, kwa sababu samaki nao hawapendi.

Jioni akamtuma dereva ailete, imefungwa kwenye kanga. Hatua tano.

15 Novemba

Ignas ametoboa ukuta, ametoa rejeta nje chini ya dirisha. Pampu ameiweka kwenye debe, chini ya debe ametandika pamba. HATUA SITA. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu alinishika mkono mbele ya mteja.

Mvua ya kwanza imenyesha kidogo, vumbi tu limetulia.

24 Novemba

Leo nimemtukana mume wangu.

Mpira mmoja uliteleza kwenye kiboksi cha shaba wakati nimekwenda dukani. Nilirudi nikakuta maji yanadondoka ndani ya kompyuta, tone baada ya tone, na kioo cheusi. Orodha yote ya wakulima ilikuwa humo, majina mia tatu na zaidi, na chama wanaitaka Ijumaa. Ignas alikuwa ameketi hapo hapo anakaza waya wa rejeta, hatua mbili kutoka kwenye hilo bwawa, na hakusikia tone hata moja.

Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Nilisema masikio yake ameyaharibu yeye kwa ubishi, sasa anataka kuharibu na mkate wetu. Nilisema nimechoka kuishi na fundi. Nilisema mengi, nimesimama, nguo ya kufutia maji mkononi.

Aliningoja mpaka nikamaliza. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Leo nimekusikia vizuri," akasema. "Neno kwa neno."

Nilikaa chini kwenye maji yale yale nikalia. Yeye akaichomoa bodi ya ndani ya kompyuta, akaianika juani kwenye ungo kama dagaa, siku nzima ya leo anafukuza kuku. Sijui kama itapona.

26 Novemba

Imepona. Orodha ipo. Mipira yote ameifunga kwa waya mara mbili.

3 Desemba

Hatua saba. Kompyuta imewashwa na mimi nachapa, naye kasimama karibu kabisa na mlango anayarudia majina yangu moja moja. Nikisimamisha vidole nasikia maji yakipita kwenye mpira, taratibu kama mtu anayemeza mate. Zaidi ya hapo hakuna kitu.

Tuliongea mchana kutwa. Sikuwahi kujua kuwa huko mgodini alikuwa anaimba ndani ya mngurumo wa mashine kwa sababu hakuna aliyemsikia. Nilimwomba aimbe, akaona haya. Nikaimba mimi wimbo wa kwaya, vibaya, na yeye akafumba macho.

Kama kuna siku ya kurudia, ni hii.

12 Desemba

Mvua tatu mfululizo, bati linapiga kelele, hatukupima. Leo kumekauka. Hatua sita. Anasema rejeta imeingia matope.

19 Desemba

Ameiosha rejeta. Hatua tano. Sasa anasema ni ile diski inayozunguka ndani, ameizungushia sponji ya godoro.

Mimi sisikii diski.

25 Desemba

Noela hakuja, reli imekatwa na maji. Nyama, pilau, sisi wawili. Alinipa kitambaa cha kichwa. Nilisema ahsante, akajibu, "Rangi? Alichagua Mehjabin."

8 Januari 1999

Lazima niandike polepole, leo nimeona jambo.

Tulikuwa tunapima saa tisa alasiri. Hatua ya kwanza salama, ya pili salama. Nikiwa nasoma jina la tatu umeme ukakatika. Kioo kikazima, pampu ikanyamaza, hata friji ya jirani ikanyamaza. Ignas alikuwa amenipa mgongo, hakuona. Nikasema moyoni, vizuri, sasa atafika barazani kama Oktoba. Nikaendelea kusoma kwa sauti ile ile.

Hatua ya nne alikosea. Nilisoma Paskazia akasema Anastazia. Nikasoma tena, akatikisa kichwa. Akainama akachora mstari wa chaki, na huku anainuka akasema, "Pampu inasumbua sana leo."

Pampu ilikuwa imezima. Ndani mlikuwa kimya mpaka nikawasikia mchwa darini. Hiyo pampu anayoisikia iko ndani ya kichwa chake mwenyewe.

Sikumwambia. Nilizunguka nikasimama mbele ya kioo cheusi asikione, nikamtuma akaniangalizie chai. Alipokwenda jikoni nikapima mwenyewe kwa macho kutoka kitini mpaka kwenye ule mstari. Ni karibu sana. Ningenyoosha mkono na ufagio ningeugusa.

10 Januari

Amefungua kompyuta tena. Anatafuta kelele. Mikono yake ina majeraha ya shaba kila kidole, na anapiga mluzi.

11 Januari

Leo alipogeuka mgongo nilipandisha sauti. Kidogo tu, kama mtu anayeongea na mgeni aliye mlangoni. Hatua sita. Aligeuka na uso wa kijana. Akasema alijua tu, ni ile sponji, aliifunga kinyume.

15 Januari

Hatua saba. Nimepandisha tena.

Nikikumbuka ile saba ya Desemba naona kama nimeiba kitu kanisani.

30 Januari

Wifi yangu Klara amekuja kutoka Kharumwa na gunia la viazi vitamu. Ni dada mkubwa wa Ignas, mwanamke wa jembe, hana muda wa kuzunguka maneno. Alitukuta tunapima. Alikaa kwenye mkeka, akatazama mpaka mwisho, hatua saba, kisha akanifuata jikoni, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, mbona wamfokea mdogo wangu kama ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi?"

Nilimweleza. Nilitegemea atanihurumia. Akaendelea kumenya viazi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mimi namwibia. Siku hizi chache alizobaki nazo angezitumia kwenda kuwasikia watu wake, angekuja Kharumwa akakaa na mama yao, ambaye ana miaka themanini na bado anaimba asubuhi akiwasha moto. Badala yake yuko hapa anafunga sponji kwenye chombo kisicho na kosa, kwa sababu mke wake amemwambia anashinda.

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia yeye hajui kulala na mtu anayeogopa. Ameondoka na basi la mchana, chakula hakugusa.

2 Februari

Klara ana haki. Nitamwambia Ignas kesho.

3 Februari

Sikumwambia. Alikuwa amenitengenezea kiti, amekikata miguu ili nisiumwe mgongo.

11 Februari

Saba. Koo linaniuma, nakunywa tangawizi. Nimemwambia ni mafua.

17 Februari

Kesho.

23 Februari

Mvua kubwa tangu alfajiri, ya kupasua bati. Mimi na mteja tulikuwa tunaongea kwa vidole. Ignas aliingia na koti limelowa, akalitundika, akasema mvua za mwaka huu ni za ajabu, mbona zinanyesha kimya kimya hivi. Mteja alicheka, akadhani ni utani.

1 Machi

Saba, kwa sauti ninayotumia kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Kila nikimaliza naingia chumbani kulala kidogo.

9 Machi

Nimekwenda sokoni asubuhi, nimerudi saa saba. Nilipofika langoni nikasikia mlio, nikadhani jirani amenunua mashine ya kusaga. Ulikuwa unatoka kwetu.

Maji yalikuwa yamekwisha kwenye debe, yamebaki vidole viwili. Ile pampu ya samaki ilikuwa inakunywa upepo, imelala ubavu, inatetemeka na kugonga bati la debe kila upande. Pamba ya chini imeoza siku nyingi. Vikombe vilikuwa vinacheza kwenye kabati. Na Ignas ameketi pale pale pembeni, mikono juu ya magoti, anatabasamu kama baba wa bibi harusi.

Alisimama aliponiona. "Nimeshinda, Mama Noela," akasema. "Tangu asubuhi haijatoa hata pumzi. Kaa. Nisomee."

Nilinyoosha mkono kuizima. Akanishika, akasema ikizimwa si kipimo tena. Basi nilikaa. Alichukua chaki, akasimama mgongo kwangu, hatua ya kwanza, karibu kiasi kwamba niliona uzi uliochomoka kwenye kola yake.

Nikaanza kusoma. Nilisoma Masele, nikasoma Kalisti, nikasoma Eustace, kwa ile sauti ya ng'ambo ya mto, kisha juu zaidi, mpaka mama wa nyumba ya pili akachungulia dirishani. Ignas alisimama anangoja. Nikafika jina la kumi na moja.

"Anza basi," akasema kwa upole. "Usiogope, leo nitafika mbali."

Niliacha orodha. Nikamwita jina lake, Ignas, ambalo sijamwita tangu Noela azaliwe. Nikaliita tena kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, nikiwa nyuma ya kisogo chake, mpaka koo likakatika. Alibadilisha mguu mmoja akapumzisha mwingine, chaki mkononi, mvumilivu kama mtu aliye kwenye foleni.

"Anza, mayu."

Ikabidi ninyanyuke nizunguke nisimame mbele yake. Aliuona mdomo wangu uko wazi na uso wangu umelowa. Akanitazama, akaitazama kompyuta, kisha akaenda akaweka kiganja juu ya debe. Yeye ni mtu wa mashine. Miaka tisa alikuwa anajua kwa kiganja kile mwamba gani umekutwa chini futi mia mbili. Aliuacha mkono pale muda mrefu, na mkono wote ulikuwa unatetemeka na debe mpaka kwenye kiwiko.

"Inalia?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sana?"

Nikaitikia.

Akainama, akazima swichi mwenyewe. Hapo ndipo aliponiuliza kuhusu zile hatua saba, za Januari na Februari, zilikuwa za nani.

Nikamwambia. Nilimshika mikono yote miwili nikamwambia yote: ile siku umeme ulipokatika, nilivyosimama mbele ya kioo asione, nilivyopandisha sauti kidogo kidogo, alichoniambia Klara kuhusu mama yao na nilivyomfukuza. Nikamwambia nilitaka uso wake uwe vile ulivyokuwa. Nikamwomba anisamehe. Nimesema labda robo saa, sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Yeye alikuwa ameukazia macho mdomo wangu bila kupepesa.

Nilipomaliza akasema, "Sawa."

Hiyo "sawa" naijua. Ndiyo anayowapa wateja wangu wakimsemesha mlangoni, akiwa hakupata neno na anaona haya kuuliza tena.

Kisha akachukua ndoo mbili akaenda bombani, kwa sababu kesho asubuhi nina barua za kuchapa na debe halina maji.

Kwa hiyo nimekiri na hakunisikia. Karatasi zimejaa nyumba hii, kalamu ninayo, na Ignas anasoma vizuri kuliko mimi. Ningeweza kumwandikia yote, akirudi ayakute mezani. Tangu ameondoka nimekaa hapa, na haya yote nimeyaandika kwenye daftari la Noela.

Namsikia anafungua lango.